Mpini wa Saifani

Wanangu, nataka kuwasimulia habari ya kisu kilichoua kabla hakijanolewa.

Kisu chenyewe ni jambia la Yemen. Wanaume wa nyanda za juu hulivaa mbele ya kiuno, kwenye mkanda mpana. Ukifika Sanaa, katika soko kongwe la Suq al-Milh, utawakuta mafundi wakichonga na kusugua. Mgeni huvutiwa na chuma kilichopinda. Mwenyeji hutazama mpini kwanza, kwani huo ndio unaotangaza hadhi ya mvaaji. Na mpini unaosifiwa kupita yote ni saifani, wa pembe ya kifaru. Ukishikwa na kusuguliwa miaka mingi, hung'aa na kugeuka rangi ya asali. Ni mzuri kweli, siwafichi.

Zamani mipini hiyo ilikuwa ya masharifu, makadhi na wakubwa wa makabila, na mtoto aliirithi kwa baba. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Yemen ya Kaskazini vikaisha mwaka 1970, na bei ya mafuta ikapaa mwaka 1973. Vijana wakamiminika Saudi Arabia kutafuta kazi, wakarudi na fedha. Sasa hata mtoto wa mkulima aliweza kununua kile ambacho babu yake alikiona viunoni mwa wakubwa tu.

Lakini Yemen haina vifaru. Pembe zilitoka huku kwetu Afrika, na nyingi zilivuka bahari kwa magendo. Tena pembe hiyo si mfupa: ni keratini, kitu kilekile kilicho katika kucha zenu. Daktari wa wanyama akimlaza kifaru kwa dawa na kuikata bila kugusa nyama, humea tena. Jangili hana subira hiyo. Humpiga risasi, huchimbua pembe mpaka mzizini, akaacha mzoga mzima ukiliwa na fisi. Ndama aliyekuwa akimfuata mama yake hubaki peke yake porini, na mara nyingi naye hafiki mbali.

Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, hawakufika 400. Si wote waliokufa kwa ajili ya majambia, maana pembe zilitakiwa pia Mashariki ya Mbali kutengenezea dawa, na hata vumbi na vipande vilivyobaki kwa mafundi wa Sanaa viliuzwa huko.

Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, aliifuatilia biashara hii mpaka Sanaa kwenyewe, akiuliza bei na uzito wa pembe. Mwaka 1982 serikali ya Yemen ya Kaskazini ilipiga marufuku kuingiza pembe za kifaru. Magendo hayakukoma. Miaka ya 1990 ilipoanza, Mufti Mkuu wa Yemen alitamka kwamba kuwaua vifaru kwa ajili ya mipini ni kinyume cha mapenzi ya Mungu. Mafundi wengi wakageukia pembe za nyati wa kufugwa kutoka India, mnyama anayechinjwa kwa nyama na ambaye pembe yake ingeweza kutupwa. Nawaheshimu mafundi hao: jambia limebaki jambia, na heshima ya mvaaji haikupungua.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi hana hatia, kwa kuwa hakushika bunduki. Mimi sikubali. Jangili asingelala porini usiku kucha kama hakuna mtu mjini aliyekwisha kuhesabu fedha za ile pembe. Mpini wa kale uliorithiwa hautafuti kifaru mwingine. Mpya ndio unaomtafuta.

Leo vifaru weusi barani Afrika wamepita 6,000, baada ya kushuka chini ya 2,500 katikati ya miaka ya 1990. Basi mkionyeshwa kisu chenye mpini wa pembe, jino au mfupa, muulizeni muuzaji ni wa mnyama gani na alikufaje. Asipojibu, msinunue.