Mvua ya mawe barabara ya Meru–Embu: simama mapema, simama mahali pazuri

Kila msimu wa mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Oktoba hadi Disemba, wenye magari hutuuliza swali lile lile: mawe yakianza kuanguka nikiwa njiani, nifanye nini?

Jambo la kwanza ni saa ya kuondoka. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, na jua likishapasha ardhi joto, mawingu mazito huinuka mchana. Ndani yake matone hurushwa juu kwenye baridi kali, yakaganda. Sehemu za juu kama Nkubu na Chogoria ziko karibu zaidi na mawingu hayo, hivyo barafu hufika chini kabla ya kuyeyuka. Kama safari yako si ya dharura, sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kisha utoke asubuhi.

Ukikutwa njiani, washa taa na upunguze mwendo. Gari likienda kwa kasi hulifuata jiwe, na kioo ambacho kingestahimili hupasuka. Ndugu zetu wa Probox za miraa watuwie radhi. Tunajua mzigo unasubiriwa Nairobi. Lakini barafu iliyotanda kwenye lami huteleza kama gololi, na kabla ya kufika Chuka kuna mteremko wa daraja la Nithi, ambapo basi lilitumbukia Julai 2022 na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mteremko huo ni hatari hata barabara ikiwa kavu. Ukiona wingu jeusi mbele, simama kabla ya kuufikia.

Mahali pazuri ni chini ya paa la kituo cha mafuta, bila kuziba pampu. Usisimame chini ya mti wala nyaya za stima. Tawi likianguka litaumiza zaidi ya mawe. Pasipo na paa, toka kabisa barabarani, uwashe taa za dharura na uelekeze mbele ya gari kule mawe yanakotoka. Kioo cha mbele kimeundwa kwa tabaka mbili zilizoshikanishwa na plastiki, kwa hivyo hata kikipasuka kwa kawaida hakimwagiki. Vya pembeni na vya nyuma huvunjika vipande vipande, basi abiria wavipe mgongo na wafunike watoto kwa koti au leso.

Blanketi au mikeka ya sakafuni juu ya kioo husaidia, ila itandazwe kabla mawe hayajaanza. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutoka nje katikati ya dhoruba kuokoa kioo, akarudi na uvimbe kichwani, na kioo kikapasuka vilevile. Bati hunyooshwa, kaa ndani.

Kuhusu gharama, wengi hushtuka wakiwa tayari gereji. Bima ya lazima kisheria, ile ya thadi pati, hulipa madhara unayowasababishia wengine tu. Mawe yakikubonyeza boneti, utajilipia. Mwenye bima kamili naye asome mkataba wake, hasa kiwango cha juu cha malipo ya vioo, na apige picha za gari na kuijulisha kampuni kabla fundi hajagusa chochote.