Uvimbe wa Neuroendokrini wa Mapafu: Kipimo Kimoja Hakitoshi

Mtu ametibiwa pumu kwa miaka. Siku anapopigwa picha ya CT, kinaonekana kivimbe kando ya njia kuu ya hewa, na madoa kwenye ini. Ni rahisi kusema ni saratani ya mapafu iliyosambaa, basi. Lakini ni saratani ipi?

Seli za neuroendokrini hutengeneza homoni, na mapafuni huzaa uvimbe wa aina nne: karsinoidi ya kawaida, inayokua polepole, karsinoidi isiyo ya kawaida, inayosambaa zaidi, na saratani mbili kali, ya seli kubwa na ya seli ndogo. Karsinoidi hazizidi asilimia 2 hivi ya saratani zote za mapafu.

Kinachozitenganisha aina hizi hasa ni kasi ya kugawanyika kwa seli. Mpatholojia huhesabu seli zinazogawanyika katika milimita 2 za mraba. Zikiwa chini ya 2, na hakuna sehemu iliyokufa, ni karsinoidi ya kawaida; 2 hadi 10, au pakiwa na vidoa vya seli zilizokufa, si ya kawaida; zikizidi 10, ni saratani kali. Shida huanzia kwenye kinyama chenyewe, yaani kipande kinachokatwa ili kipimwe. Kinachotolewa kwa bronkoskopi, kamera inayopitishwa kwenye njia ya hewa, ni kidogo, na koleo likikibana, seli hupondeka zikafanana na za seli ndogo. Mgonjwa anaweza kuanzishiwa kemotherapi isiyomfaa. Ndipo Ki-67, alama ya seli zilizo mbioni kugawanyika, inaposaidia: katika karsinoidi huwa chache, katika seli ndogo huwa nyingi mno.

Swali la pili ni chimbuko. Kinyama cha ini kikiwa na kromogranini na sinaptofisini, protini za seli za neuroendokrini, tumejua ukoo wa uvimbe, si ulikoanzia. Alama ya TTF-1 huelekeza mapafuni, ya CDX2 kwenye utumbo. Ila karsinoidi nyingi za mapafu hazina TTF-1, hivyo kuikosa hakuyaondoi mapafu.

Vipimo vya homoni navyo vina mitego. Mkojo wa saa 24 hupimwa 5-HIAA, mabaki ya homoni ya serotonini. Aliyekula ndizi, nanasi au parachichi anaweza kuonekana amezidi. Omeprazoli nayo hupandisha kromogranini ya damu. Picha nazo zina mipaka: PET ya galiamu-68 huonyesha uvimbe wenye vipokezi vya homoni ya somatostatini. Usio navyo hauonekani.

Kwa hiyo majibu yakipingana, mfano Ki-67 ndogo kwenye ripoti iliyoandikwa "seli ndogo", kinyama kirudiwe kusomwa kabla dawa haijaanza.