Oksijeni ya Damu na Usahihi wa Mashine za Kupimia Sukari: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Delta ya Rufiji na Kibiti

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye ugonjwa wa kisukari, hususan wakazi wa visiwa vya delta ya Rufiji na Wilaya ya Kibiti, wanafahamishwa kwamba tarakimu inayoonekana katika mashine ya kupimia sukari nyumbani haitokani na sukari peke yake. Katika baadhi ya stripu, oksijeni iliyomo katika damu nayo huingia katika hesabu, na mgonjwa wa mapafu aweza kuonyeshwa sukari ya kutosha ilhali yake imeshuka.

Chanzo ni hiki. Stripu hupakwa kimeng'enya ambacho huchukua elektroni za glukosi na kuzikabidhi kwa kemikali maalumu, nayo huzifikisha kwenye mashine. Mkondo wa umeme unaopatikana ndio hugeuzwa kuwa tarakimu. Stripu nyingi hutumia glukosi oksidesi, kimeng'enya ambacho kwa asili yake huzikabidhi elektroni hizo kwa oksijeni. Kwa hiyo oksijeni na kemikali ya stripu hugombea kitu kimoja. Mgonjwa anayepewa hewa ya mtungi huwa na oksijeni nyingi katika damu. Sehemu ya elektroni hupotea njiani, na mashine husoma chini ya ukweli. Oksijeni ikipungua, kama kwa mwenye nimonia kali au ugonjwa sugu wa mapafu, mashine husoma juu.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima aishiye Kibiti, Nyamisati au Mbuchi, jambo hili halina uzito mkubwa, kwani pwani hewa ina oksijeni ya kutosha. Mwenye kupanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, ana sababu zaidi ya kujihadhari. Hatari ya delta iko kwingine.

Delta ni nchi ya maji na mbu. Malaria kali huweza kushusha sukari ya damu, na dawa ya kwinini, pale inapotumika, huweza kuishusha zaidi. Malaria hiyo hiyo huleta upungufu wa damu, na upungufu huo hufanya mashine nyingi zisome juu. Mgonjwa akiwa pia na oksijeni kidogo kwa sababu ya mapafu, makosa mawili huelekea upande mmoja: sukari inashuka, tarakimu inapanda. Jamaa wa nyumbani akiongeza insulini kwa kuiamini tarakimu hiyo, anaweza kumwua mgonjwa. Na boti ya kumfikisha hospitali huenda bado inasubiri maji yajae.

Ikumbukwe kwamba hata mashine iliyo nzima haitoi jibu kamili. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 huruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 pale sukari inapofika milimoli 5.55 kwa lita au zaidi.

Zipo stripu zinazotumia kimeng'enya kingine, glukosi dihaidrojenesi, ambazo haziathiriwi na oksijeni kwa namna hiyo. Karatasi iliyomo katika boksi hutaja aina kwa herufi GOD au GDH, au kwa jina kamili. Hata hivyo GDH nazo zina kasoro zao: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba aina mojawapo, iitwayo GDH-PQQ, huhesabu maltosi kana kwamba ni glukosi.

Hivyo basi, mgonjwa anayetoka jasho, kutetemeka au kuchanganyikiwa achukuliwe kuwa sukari imeshuka, hata mashine ikisema vinginevyo. Akiwa na fahamu na aweza kumeza, apewe maji ya sukari. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, bali apelekwe kituo cha afya mara moja. Insulini isiongezwe kwa tarakimu moja tu wakati mgonjwa anahema kwa shida. Watumishi wa zahanati nao wazingatie kwamba damu ya mshipa ina oksijeni pungufu kuliko ya kidole, hivyo stripu ya GOD iliyotengenezwa kwa damu ya kidole huweza kusoma juu ikitiwa damu ya mshipa.

Aidha, vidole vioshwe na kukaushwa kabla ya kupima, kwani maji ya embe au muwa hupandisha tarakimu. Kopo la stripu lifungwe barabara, hasa safarini majini. Mgonjwa anayehamishiwa hospitali aende na mashine yake na karatasi ya stripu, na anayemsindikiza aeleze kama alipimwa akiwa katika hewa ya mtungi.