Je, Wajua? Mkwamo Hutambuliwa Kabla Haujatokea

Kiini cha Linux, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayotawala kumbukumbu na vifaa vya kompyuta, hutumia kufuli ili kazi mbili zisibadilishe data ileile kwa wakati mmoja. Lakini kazi moja ikishika kufuli A na kuisubiri B, huku nyingine imeshika B na kuisubiri A, zote hukwama. Programu ya ukaguzi iitwayo lockdep, iliyoandikwa na Ingo Molnar na kuingizwa katika kiini hicho mwaka 2006, hurekodi utaratibu wa kushikwa kwa kufuli na kutoa onyo taratibu mbili zinapopingana, hata kama mkwamo wenyewe haujawahi kutokea. Ajabu ni kwamba, baada ya onyo la kwanza, hujizima.