Utangulizi: Magurudumu Mapya, Gari la Zamani

Somo tunalolianza linafanyika kila siku Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tegeta, kwenye vibanda vyenye kompresa, jeki na rundo la rimu za mtumba. Mwenye gari analeta rimu za spoti alizozipata Gerezani, anauliza: "Fundi, hizi zinakaa?" Hilo ni swali la kihandisi kabisa.

Tuanze na matundu ya nati. Corolla za zamani zina manne kwenye duara la milimita 100, Mark II ina matano kwenye milimita 114.3. Hapo hakosei mtu. Hatari iko pale tofauti inapokuwa ndogo. Rimu ya Mercedes-Benz ina matundu matano kwenye milimita 112. Ukiilazimisha kwenye Mark II, nati zinaweza kushika na gari likatembea, lakini kila stadi imevutwa pembeni, na mashimo ya barabarani yanamalizia kazi ya kuzilegeza nati. Tundu la katikati nalo ni pana kuliko habu, milimita 66.6 kwa 60.1, hivyo rimu inashikiliwa na nati peke yake na usukani unatetemeka hata baada ya balansi. Fundi mzoefu huanza kuingiza nati kwa vidole. Ikikataa, haigusi kwa spana. Kanuni hiyo naithamini kuliko kurasa nyingi za vitabu vya chuo, na kitabu hiki kinaichukua kama msingi wake.

Kisha tairi lenyewe. 175/65R14 maana yake upana milimita 175, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, tairi la radiali, rimu ya inchi 14. Piga hesabu: kipenyo ni milimita 583. Kwa ajili ya njia za Bunju na Chamazi, wapo wanaonyanyua gari dogo kwa kulivika 195/65R15, yenye milimita 634. Gari linapanda sentimita mbili na nusu, ni kweli. Ila kila mzunguko sasa unakwenda karibu asilimia 9 zaidi: mshale unasema 80, tochi ya trafiki inasoma 87. Injini inaondoka kwa shida, breki zinabeba mzigo zaidi, na ukikata kona tairi linakwangua fenda.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama zamani, nasi tunavaa yanayotoka nje, mapya na mtumba. Kwa hiyo soma umri pia: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mfano 2316, ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira umeshakauka.

Kabla ya sura ya kwanza, chuchumaa kando ya gari lako, uandike maandishi ya ubavuni mwa kila tairi. Ukikuta mawili ya ekseli moja yana vipimo tofauti, badilisha hayo kwanza, kabla hujanunua rimu yoyote.