Unamwita 'shylock'? Torati ilimwambia mdai asimame nje ya mlango

Ushawahi kuzima simu kwa sababu ya Sh2,000? Usijibu, najua. Ulikopa kwa app, mambo yakakwama, tarehe ikapita. Kufumba na kufumbua, shangazi yako kule Kakamega anapigiwa simu na mtu asiyemjua, anaambiwa mtoto wa nduguye ni mlaghai. Na kama si app, ni yule jamaa wa mtaa aliyekukopesha pesa za kodi ya nyumba na kubaki na kitambulisho chako. Sote tunamwita shylock.

Jina hilo tumelitumia hadi tukasahau kwamba ni la mtu. Shylock ni mhusika Myahudi katika tamthilia ya Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili akaiita Mabepari wa Venisi. Anakopesha pesa, na rehani anayotaka ni ratili moja ya nyama ya mwili wa mdeni wake. Shakespeare aliandika hayo miaka ya 1590, katika nchi iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1290. Yaani aliandika kuhusu watu ambao pengine hakuwahi kuketi nao meza moja. Leo jina hilo limebandikwa kwenye nguzo za stima kutoka Umoja hadi Dandora, na nambari ya simu chini yake.

Sasa panda mathree, nambari 58 kutoka Buruburu kwa mfano, ushuke tao, halafu utembee hadi pale University Way inapokutana na Uhuru Highway. Kuna sinagogi pale. Umelipita mara ngapi bila kuliona? Jengo lililopo ni la 1955, mwaka uleule Myahudi Israel Somen alipokuwa meya wa Nairobi, lakini jamii yenyewe imekuwa jijini tangu mwanzo wa karne iliyopita.

Kila Jumamosi, siku yao ya Sabato, Wayahudi husoma fungu moja la Torati. Fungu hilo huitwa parasha. Yako 54, na yakiisha wanaanza upya siku hiyohiyo, bila likizo. Linalosomwa Nairobi ndilo linalosomwa na Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na ambayo ilivumilia marufuku ya Idi Amin bila kuisha.

Mwishoni mwa Agosti ama Septemba hufika zamu ya parasha inayoitwa Ki Tetze. Huhitaji kujua Kiebrania. Chukua Biblia ya nyumbani, fungua Kumbukumbu la Torati kuanzia sura ya 21. Wayahudi huhesabu amri 613 katika Torati nzima, na 74 kati yake zimejazana humo kama abiria wa jioni pale Muthurwa. Kuna ya ndege na makinda yake, kuna ya kuweka ukingo juu ya paa ili mtu asianguke (wenye maghorofa ya Pipeline mnasikia?). Lakini nenda sura ya 24.

Ukimkopesha mtu, inasema, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Ni maskini na rehani yenyewe ni nguo anayojifunika? Mrudishie jua likitua apate kulala. Na mawe ya kusagia usiyaguse kabisa, hata lile la juu peke yake, kwa sababu hapo unachukua rehani uhai wa mtu.

Hilo la mawe ya kusagia ndilo lililonishika shati.

Nililelewa Kayole, chumba kimoja, na mamangu alikuwa mshonaji. Nikiwa darasa la saba alikuwa na mkopo wa kikundi, ile mnadhaminiana kina mama kumi na ukikosa kulipa wenzako ndio wanabanwa. Alikosa wiki tatu mfululizo. Wakaja mchana, kina mama sita na afisa mmoja wa mikopo mwenye faili. Hawakusimama nje. Waliipita sufuria, godoro na redio, wakabeba cherehani. Hata nilivyokuwa mdogo nilijiuliza: sasa hizo pesa atazitoa wapi? Miaka mingi baadaye nikakuta swali langu lilishaulizwa, na kujibiwa, kabla hata ya Nairobi kuwa Nairobi. Cherehani ni jiwe la kusagia. Bodaboda ni jiwe la kusagia. Simu ya dereva wa teksi za app, pia.

Parasha hiyohiyo inataka kibarua alipwe mshahara wake siku hiyo, kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na roho yake iko kwenye hizo pesa. Kama umewahi kubeba mawe Ruai ama Utawala, halafu jioni foreman akakwambia "kuja Jumatatu," hili sina haja ya kukufafanulia.

Tusidanganyane lakini. Torati inakataza kumtoza ndugu yako riba, ila inaruhusu kumtoza mgeni. Na huko Ulaya ya zamani, ambako sehemu nyingi Wayahudi walinyimwa ardhi na kufungiwa nje ya vyama vya mafundi, ukopeshaji ukawa moja ya kazi chache walizoachiwa. Kisha wakachukiwa kwa kuifanya. Shylock alizaliwa hapo.

Halafu kuna sheria ambayo ningependa sana ifike mtaani: kila mwaka wa saba madeni yanafutwa. Tamu, eh? Shida ni kwamba mwaka wa saba ukikaribia, wenye pesa walikuwa wanafunga mifuko, na maskini anakosa hata wa kumkopesha. Takriban miaka 2,000 iliyopita mwalimu Hillel akabuni hati ya kukabidhi deni mahakamani ili lisifutwe. Watu bado wanabishana kama aliiokoa sheria ama aliizunguka. Mimi nadhani alijua njaa haingoji mwaka wa saba.

Ubishi huo tunao hapa pia. Novemba 2022 Benki Kuu ilipotangaza mpango wa benki kupunguza mikopo ya simu iliyokwama, wengine walishangilia, wengine wakauliza nani atakopesha tena. Ila kuhusu mlango, Kenya sasa inakubaliana na Ki Tetze. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutusi au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Kitabu cha simu nacho ni nyumba, na mdai asimame nje. Ukifanyiwa hivyo, hifadhi meseji na upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya karibu Sh3 milioni kwa mchezo huo. Deni lako bado utalilipa, usinielewe vibaya.

Ki Tetze husomwa wiki chache kabla ya Yom Kippur, siku ya toba, ambapo Wayahudi hufunga kwa takriban saa 25 bila hata maji. Mapokeo yao yanasema siku hiyo inafuta makosa kati yako na Mungu. Uliyemkosea mtu, nenda umtafute umwombe radhi. Akikataa, rudi, hadi mara tatu.

Cherehani yetu ilirudi baada ya miezi minne, bila mkanda. Mmoja wa wale kina mama sita alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu. Neno pole hakuwahi kulitamka. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta kazi, rinda la bintiye lililochanika kwapani. Mama alilishona usiku uleule, akamtoza bei kamili.