Gitaa Kavu, Sauti Safi: Machalii wa Chuga Tunazingua Wapi?

Wikiendi moja nilipanda jukwaani kwenye kijiwe fulani Njiro, gitaa kavu mkononi, mzuka kama wote. Nikachomeka kwenye amplifaya ya gitaa la umeme. Mazee! Sauti ikatoka kama msumari unaokwaruza bati, halafu spika ikaanza kupiga mluzi. Wana wakarudi kwenye nyama choma zao. Nikalilaumu gitaa, kumbe mzinguaji mimi.

Ishu iko hivi. Gitaa kavu la kuchomeka lina pikapu chini ya daraja la nyuzi (siyo ile ya kubeba ndizi Tengeru). Inaitwa piezo, na inanasa mpaka vile vimlio vya juu kabisa. Amplifaya ya gitaa la umeme inavichinja: spika yake inaanza kukata kwenye hezi 5,000 hivi, na sauti za kati inazivimbisha. Ladha ya mbao inafia humo. Kwa hiyo pitia kiboksi cha DI uingie kwenye mikisa, au tafuta amplifaya ya gitaa kavu, yenye twita.

Mluzi wa chini nao mara nyingi unakaa kati ya hezi 100 na 250, pale tumbo la gitaa linapovuma. Punguza hapo tu, bonyeza swichi ya fezi, ziba tundu kwa kifuniko cha mpira, na usilielekeze gitaa kwenye spika. Betri ya gitaa ya volti 9 badilisha kabla ya shoo, siyo katikati.

Una pikapu mbili? Piezo ipeleke kwenye mikisa, ya sumaku kwenye amplifaya ya umeme, gein chini. Anza na piezo, halafu ingiza ya pili kidogo kidogo. Sauti ikikonda ghafla, geuza fezi.

Halafu msidhani Chuga ni ya kuchana tu. Mwaka 1970 Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaja kuunda Arusha Jazz hapahapa, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Sikiliza magitaa yao: kila moja na njia yake, hakuna linalolikanyaga jingine.

Kwa hiyo chalii wangu, kabla hujaongeza kitufe chochote, punguza kimoja kwanza. Tukutane jukwaani.